Sindano za Shoga Yangu

Watu wengi wamenishauri nisamehe. Mamangu amenishauri, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu ametuma ujumbe kupitia kwa mume wangu, hata daktari wangu aliwahi kuniambia kwamba kinyongo hukaza misuli ya shingo. Nimewasikiliza wote kwa adabu. Lakini sikusamehe, na ninaandika haya nikiwa na akili zangu timamu na kichwa kisichouma, ili asije mtu baadaye akanisingizia wema ambao sikuufanya.

Nimezaliwa Mjambere, Kisauni, na kichwa kimeniuma tangu nilipovunja ungo. Si kile kichwa cha jua au cha njaa. Changu ni kipandauso. Kilianzia nyuma ya jicho la kushoto, kikapanda kwenye paji la uso, kikashuka kisogoni, na kikikaza hapo sikuweza kustahamili mwanga, wala mlio wa sufuria, wala harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya jirani. Nilikuwa nikijilaza chini chumbani, shavu kwenye saruji baridi, kichwa nimekifunga leso mpaka masikio yanapiga, nikingoja nitapike ndipo nipate afueni. Mamangu alijaribu kila alichokijua. Nimepakwa mafuta ya habasoda, nimeumikwa chuku nikatolewa damu, nimenyweshwa kombe la aya. Nikaolewa na kichwa changu, nikazaa nacho watoto wawili, na nikaajiriwa nacho katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi, nikawa mtu wa mapokezi.

Mgeni anaposhuka kutoka uwanja wa ndege, cha kwanza kukiona ni uso wa mtu wa mapokezi, na uso huo sharti ucheke. Nilicheka. Nyuma ya wageni kulikuwa na bwawa la kuogelea lililorusha jua moja kwa moja machoni mwangu, na wageni wenyewe walikuja na manukato ya kila aina. Siku nyingine nilimkabidhi mgeni ufunguo wa chumba, nikamwambia karibu sana Mombasa, kisha nikaenda msalani kutapika, nikasukutua, nikarudi kumchekea anayefuata. Vidonge vya maumivu nilivimeza kama njugu. Mwisho vyenyewe vikaacha kufanya kazi, na siku za kuumwa zikawa nyingi kuliko siku za uzima.

Shoga yangu nilikua naye. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na uchochoro ambao mkokoteni haupiti. Tulikaa mkeka mmoja chuo cha Kurani, tukasoma juzuu pamoja, tukachapwa kwa bakora moja. Mamake alinilisha kama mwanawe. Nikishikwa na kichwa nikiwa kwao, alinilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akafunga madirisha, akawafukuza watoto wote uani.

Tulipokuwa watu wazima shoga yangu alikwenda Dubai. Wengine walisema alikwenda kufanya kazi za nyumbani. Yeye alisema alikwenda kusomea urembo. Aliporudi akafungua saluni Bamburi, yenye vioo vikubwa na kiyoyozi, na juu ya mlango akaandikisha kwamba yeye ni daktari wa ngozi. Hakuna aliyemuuliza amekuwa daktari lini. Sisi wa Mjambere tulijivuna naye. Mimi nilijivuna kuliko wote.

Siku moja nilikwenda kwake kupakwa hina kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Hina haijakauka, kichwa kikanishika. Nilitapika kwenye ndoo yake ya kuoshea nywele huku mikono nimeinyoosha juu ili maua yasiharibike. Akanipangusa mdomo.

"Shoga, wewe utakufa na kichwa hiki, na dawa ipo," akaniambia.

"Dawa gani?"

"Sindano. Zile wanazodungwa mabibi wa Nyali wasizeeke. Zinalegeza misuli. Huko Dubai watu wanadungwa kwa ajili ya kichwa, wanapona. Hospitali watakuzungusha mpaka uchoke. Mimi nitakufanyia kama dada."

Nikamuuliza kama ni halali, maana nilikwisha kusikia maneno juu ya sindano za uso.

"Ungekuwa wataka uzuri ndio tungesema," akanijibu. "Wewe mgonjwa. Dawa haina uharamu."

Naomba maneno hayo yakumbukwe, kwa sababu baadaye aliyakana mbele ya watu.

Nilimwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu asiyependa kufungua mashine asiyoijua, na aliniuliza swali moja tu: "Huyo ni daktari kweli?" Nikamjibu, "Nimekua naye." Ikaishia hapo.

Alinidungia katika chumba cha nyuma ya saluni. Alikuwa amefukiza udi. Kulikuwa na friji ndogo, ndani yake mna chupa za juisi ya ukwaju, na katikati ya chupa hizo akatoa kichupa kidogo kisichokuwa na karatasi wala maandishi. Akachanganya na maji, akavuta kwa bomba la sindano, akaanza kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Akaja kwenye panja zote mbili, kisha akaniinamisha akanidunga shingoni nyuma, tobo juu ya tobo, kama mtu anayetia pindo la buibui. Wakati wote alikuwa akinisimulia habari za harusi ya binamu yangu, nani kavaa nini na nani kakosana na nani. Nilifumba macho nikimshukuru Mungu kwa kunipa rafiki.

Siku chache baadaye niliamka kwenda kazini, nikajitazama kwenye kioo, nikaona ukope wa jicho la kushoto umeshuka. Nilidhani nimelala vibaya. Nikanawa, nikapaka wanja, nikaenda. Kufikia adhuhuri jicho lilikuwa limefumba nusu, na mgeni mmoja akamuuliza mwenzangu kama nimepigwa. Kesho yake shingo ikalegea. Kichwa changu kilianguka mbele kama cha mtoto mchanga, nikawa nakishikilia kidevu kwa mkono ili niweze kumtazama mtu. Wali ulinikwama kooni. Mume wangu alinivunjia mkate kwenye chai, akanilisha kwa kijiko, na hakusema neno lolote juu ya swali aliloniuliza.

Na kichwa chenyewe kiliuma vilevile.

Nilikwenda kwa shoga yangu. Nilimkuta na wateja wawili, mmoja anapakwa rangi za kucha na mwingine yumo chini ya mashine ya kukausha nywele. Nilipovua miwani ya jua, yule wa kucha alisema "Subhanallah." Shoga yangu akanishika mkono, akaniingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Itaondoka," akasema. "Usinipigie makelele mbele ya wateja."

"Ulinidunga nini?"

"Dawa."

"Dawa gani? Yaitwaje? Imetoka wapi?"

"Sasa waja kunihoji kama polisi?"

"Wewe ungejidunga hiyo dawa?"

Akacheka. Alicheka kweli, huku anajitengeneza mtandio kwenye kioo. "Mimi? Mimi nina wazimu?"

Nilitoka pale nikiwa bado namtafutia udhuru. Nilijiambia amehamaki, ameona aibu, atakuja nyumbani jioni na kutaka radhi. Hakuja. Kilichokuja ni sauti yake kwenye simu. Tulikuwa na kikundi chetu cha wanawake wa mtaani, tunaochangiana kwenye harusi na misiba, na ndani ya kikundi hicho akatuma maneno yaliyosikilizwa na kila mwanamke ninayemjua kutoka Mjambere mpaka Likoni.

"Jamani, mwombeeni mwenzetu," alisema, kwa ile sauti ya huzuni anayoijua. "Alinijia nimnyooshe makunyanzi, ati mumewe ameanza kutupa jicho nje. Nikamkataza. Nikamwambia shoga, huko ni kubadili umbile la Mola. Akaniona simtakii mema, akaenda kujidunga kwingine, wala sijui ni wapi. Sasa mwaona wenyewe. Mwenyezi Mungu ana adhabu zake hapa hapa duniani."

Nilisikiliza mara moja tu. Nilikuwa nimekaa kitandani, kidevu kwenye kiganja. Nikaiweka simu kando, na nikajua kwamba huyu mtu nitamfanyia jambo.

Madhara yake yalianza mara hiyo hiyo. Mama mkwe wangu, anayekaa Likoni, alivuka kivuko makusudi kuja kunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua buibui. "Mwanangu," akaniuliza, "uso ulopewa ulikuwa na kasoro gani?" Nilimweleza habari ya kichwa, akanitikisia kichwa chake kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto. Kwenye harusi ya jirani yetu, wanawake walinipisha niketi peke yangu. Binti yangu alirudi kutoka chuoni akilia, ameambiwa na mwenzake kwamba mamake amelaaniwa jicho. Mume wangu alipita kwenye baraza la wanaume, akasikia mzaha juu yake, akarudi nyumbani mapema kuliko kawaida na kuanza kutengeneza feni ambayo haikuwa mbovu.

Hotelini meneja aliniita kwa upole. Akasema wageni wanauliza maswali. Akanihamishia nyuma, kwenye stoo ya mashuka, "mpaka utakapopona." Stoo haikuwa na dirisha. Nilikunja mashuka na mataulo kwa jicho moja, shingo nimeiegemeza kwenye rafu, na kila shuka nililolikunja nilimkunja yeye. Nililipiga, nikalinyoosha, nikaliminya kona. Wenzangu wa stoo walidhani napenda kazi.

Mume wangu ndiye aliyenitafutia daktari. Kwa kupitia mtu aliyemtengenezea kiyoyozi, alipata habari za daktari wa mishipa ya fahamu anayeona wagonjwa hospitali moja huko kisiwani. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, mwenye sauti ya chini. Alinishika shingo, akaniambia nisukume kiganja chake kwa paji la uso, akanimulika machoni. Kisha akaniuliza habari za kichwa, tangu mwanzo, na hakunikatiza. Aliponiuliza kichwa huniuma siku ngapi kwa mwezi, nilimwambia itakuwa rahisi zaidi nikimhesabia siku ambazo hakiumi.

"Sindano hizo zipo kweli," akaniambia. "Na zinatibu kipandauso sugu kama chako. Dawa ikiwa halali, kipimo kikiwa sawa, na anayedunga akiwa anajua misuli iko wapi. Huyu alidunga karibu mno na ukope, na shingoni akazidisha. Na sijui ndani ya hicho kichupa mlikuwa na nini. Yeye mwenyewe huenda hajui."

"Nitapona?"

"Nguvu za dawa huisha polepole. Itachukua miezi. Ukishindwa kumeza zaidi ya hapa, au pumzi ikibana, njoo mara moja, usingoje asubuhi." Akaandika, akaninyanyulia macho. "Nani alikudunga?"

"Shoga yangu."

Akaweka kalamu chini. "Basi peleka malalamiko kwa wakaguzi wa dawa. Atamdunga mwingine, na huyo mwingine anaweza kufa."

Alitaka niwafikirie wengine. Ni daktari, na hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nilimfikiria mtu mmoja tu.

Mkaguzi niliyepewa alikuwa msichana wa bara, mchapakazi, anayezungumza haraka mpaka nikamwomba arudie. Alinisikiliza, akapiga picha jicho langu, akasema tatizo ni moja: wakiingia tu na kupekua, shoga yangu atasema ni dawa ya mtu mwingine, au ni maji. Wanamtaka na sindano mkononi. Wanahitaji mteja.

"Mteja nitaleta," nikamwambia.

Mume wangu ana shangazi yake anayekaa Mikindani. Ni mwanamke mzee, mnene, amewazika waume wawili na haogopi kiumbe. Shoga yangu hakuwahi kumwona, kwa kuwa harusi yangu ilipofanyika shangazi alikuwa amekwenda kuhiji. Nilipofika kwake nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ndoo hapa nikutazame." Akanishika kidevu, akaniinua uso. "Na hili jito ndilo wanalolisema?"

"Ndilo."

Nikamweleza kila kitu, nikamsikilizisha ile sauti. Alisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vinaendelea kuchambua mawe. Kisha akaweka ungo kando.

"Wataka nifanye nini?"

"Nataka ujifanye wataka kunyooshwa makunyanzi."

"Kujifanya?" akasema. "Nayataka yanyooshwe. Lakini si na huyo mwanaharamu."

Siku ilipofika, shangazi alivaa buibui lake la hariri na dhahabu za kuazima, na mkaguzi tulimvika buibui la binti wa jirani. Nilimsihi asifungue mdomo, maana akisema neno moja tu kila mtu atajua hakulelewa Pwani. Simu ya shangazi tuliiacha ndani ya mkoba ikiwa imenipigia mimi. Nilikaa kwenye gari la mume wangu, ng'ambo ya barabara, pamoja na mkaguzi wa pili na askari wawili waliovaa kiraia. Mume wangu alishika simu yake karibu na yangu, akirekodi. Niliambiwa si lazima niwepo. Nikawaambia basi hata shangazi si lazima awepo. Wakaniacha.

Tukasikia mlango, kisha sauti ya shoga yangu, tamu kama siku ile. "Karibu mama. Starehe. Nikufanyie nini?"

"Mwanangu, nimekuja ninyooshwe uso," akasema shangazi. "Nina mume mpya. Kijana."

Shoga yangu akacheka. "Hongera mama. Na huyu bibi mdogo?"

"Mjukuu wangu. Amekulia bara, Kiswahili chake cha kuokota. Usimsemeshe, utamtia haya."

Mume wangu aliuma mdomo asicheke. Mimi sikuwa na cheko. Tukasikia kiti kikivutwa, mlango wa chumba cha nyuma ukifungwa, kisha ule mlango wa friji, ambao ningeutambua popote.

"Mwanangu, dawa hii si ya hatari?" akauliza shangazi. "Nasikia kuna mwanamke huko Kisauni jito limemwanguka."

Tukasikia glavu zikivutwa vidoleni.

"Huyo?" akasema shoga yangu. "Usitishike na huyo, mama. Huyo nilimdunga mimi mwenyewe. Mtu wa kulialia bei, nikampa kilichobaki chini ya friji, kilichopita wakati wake. Wewe nitakupa kizuri."

Nakumbuka mkaguzi wa pili alinitazama. Nakumbuka mume wangu alishusha simu yake, akaitazama kuhakikisha bado inarekodi, akaiinua tena. Mimi nilitazama mlango wa saluni. Nilikuwa nimejaa kitu kizito na kitamu. Kilichopita wakati wake. Aliniambia atanifanyia kama dada.

"Kwani naye hakutaka uzuri?" shangazi akaendelea. Hakuna aliyemfundisha swali hilo. "Mimi nimeambiwa alikuwa ataka kuwa msichana."

"Ah, kichwa tu kilikuwa kikimuuma. Lakini mama, ningesema nini mbele za watu? Nilinde biashara yangu au nimlinde yeye? Tulia sasa, nakuchora."

Mkaguzi wa ndani akakohoa mara mbili, kama tulivyokubaliana, na askari wakavuka barabara.

Nilingoja waingie kwanza, kisha nikaingia. Saluni ilikuwa imejaa, maana ilikuwa Ijumaa na kulikuwa na harusi kubwa kesho yake. Wanawake walikuwa wamesimama na nywele zao zimelowa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Shoga yangu alikuwa amesimama na glavu mikononi, bomba la sindano limejaa, na mkaguzi amemshika kifundo cha mkono. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti, paji la uso limechorwa mistari myeupe kama ramani.

"Basi nipanguseni haya machoro," akasema, "yanikera."

Mkaguzi wa pili alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, akitoa vichupa kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko. Shoga yangu akaniona. Uso wake ulibadilika, na nilifurahi kwamba jicho langu la kulia lilikuwa zima, nikauona vizuri.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefurahi?"

"Sana," nikamwambia, kwa sauti ya kuwafikia wote waliokuwa wakitutazama kwenye vioo. "Sijafurahi hivi tangu nizaliwe."

Walipompandisha kwenye gari nilikuwa nimesimama barazani kwake. Nikachukua simu, nikafungua kile kikundi chetu cha wanawake, nikatuma ile rekodi aliyonirushia mume wangu, sauti yake mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuongeza neno. Kisha nikanunua halua, nikaenda nyumbani, nikawakatia watoto na mume wangu vipande vikubwa, nikampelekea na mamangu. Mama mkwe wangu alipiga simu jioni ile, akaongea habari za hali ya hewa, na za mdogo wa mume wangu, na mwisho akasema, "Tumekudhulumu, mwanangu." Nikamwambia haina neno. Yeye nilimsamehe. Hakuwa ameniapia udada.

Kesi haijaanza, mamake shoga yangu akaja. Alikuja peke yake kwa miguu, mkongojo mkononi. Nilimkalisha kwenye mkeka, nikamnawisha mikono, nikamwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hakugusa.

"Nimekulea," akasema.

"Ndio, mama."

"Sikukuhesabu kama si mwanangu."

"Najua, mama."

"Basi usiende kortini. Ukikaa kimya wewe, na wale wakaguzi watachoka. Aibu imemtosha. Usiku hapati usingizi. Nywele zamtoka."

Yule ndiye aliyekuwa akinifungia madirisha. Nilitaka kulia, na nililia, na huku nalia nikamwambia, "Mama, niombe chochote chengine. Nitakuhudumia mpaka siku yako ya mwisho. Lakini kortini nitakwenda."

"Hilo ndilo nililokuja nalo."

"Basi nisamehe."

Aliinuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akaondoka. Wali nilimpa paka.

Nilikwenda kortini. Shoga yangu alikuwa ameshauriwa akiri, akakiri, akatozwa faini na saluni ikafungwa. Nilitaka afungwe yeye. Nilipotoka nje, baadhi ya wanawake wale wale walionipisha kwenye harusi wakasema nimezidi, kwamba mwenye imani angekomea njiani. Niliwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Shoga yangu akahamia Ukunda, akawa anauza mitumba, na kila aliyetoka huko alinipa habari zake, kwa kuwa nilimuuliza. Nikiambiwa biashara yake ni mbaya, chakula kilinishuka vizuri.

Jicho lilifunguka polepole, kama alivyosema daktari, na shingo ikapata nguvu. Nikarudi mapokezi. Ilipopita miezi ya kutosha, na vidonge vya kinga tulivyojaribu vikashindwa, daktari akaniambia sasa twaweza kudunga, ikiwa nina moyo huo. Nilikuwa nao. Alinionyesha kichupa kabla hajakifungua: jina, namba, tarehe ya mwisho. Akachagua mahali kwa vidole, paji la uso, kwenye panja, kisogoni, shingoni na mabegani, sindano nyembamba zinazochoma kama sisimizi. Kila moja ilipoingia nilimkumbuka mwenye saluni, na daktari akaniambia nilegeze mabega.

Mara ya kwanza sikuona tofauti kubwa. Mara ya pili, nilipokuwa nikimwandikia mgeni chumba, niligundua kwamba juma zima limepita na sijafunga leso kichwani. Sikupona. Kipandauso kingali kinanijia, lakini kinakuja kama mgeni sasa, na hukaa muda mfupi. Nadungwa tena kila baada ya miezi kama mitatu. Mume wangu hunisindikiza, na husoma kile kichupa kabla yangu.

Mwaka huu mamake shoga yangu alifariki. Nilikwenda matangani siku ile ile. Nilisaidia kupika, nikaketi na wanawake, nikasoma Yasini, nikalia kuliko baadhi ya watu wa nyumba. Shoga yangu alikuwa chumbani kwa marehemu. Amekonda, amezeeka, paji lake la uso limejaa mikunjo. Alitoka, akaja mpaka nilipoketi, akapiga magoti mbele yangu.

"Umekuja," akasema.

"Nimemjia mama."

Akanishika mkono. "Nisamehe, shoga. Mbele ya hawa wote. Nilikudanganya, nikakudhalilisha. Nisamehe."

Kila jicho lilikuwa kwangu. Nilijua linalotakiwa. Neno moja, tukumbatiane, tulie, na wanawake wapige Alhamdulillahi. Nililitafuta neno hilo ndani yangu kwa uaminifu, na sikulikuta.

"Nimekusikia," nikamwambia.

"Ndio hivyo tu?"

"Ndio hivyo tu."

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikafungua msahafu mahali nilipoishia, nikaendelea kusoma. Khitma ilipomalizika niliwapa mkono wa pole dada za marehemu, nikavaa viatu barazani. Shoga yangu alikuwa amesimama mlangoni, akitaraji. Nikampita, nikaenda zangu nyumbani.